Samaki Yumo Mistari Mitatu

Jumanne jioni, chini ya kanisa la Walutheri,
Sioux Falls, Dakota Kusini.
Bomba la joto linagonga kama mtu aliyefungiwa,
na viatu vyetu vya theluji mlangoni
vinachuruzika maji.

Bi Ardis, mwalimu mstaafu wa hesabu,
hakuanza kwa sala ndefu. Aligawa penseli.
"Hesabuni. Samaki yumo mistari mingapi?"
Nabintu akatafsiri, akaongeza na yake: "Msibahatishe."
Tukacheka. Yona bila samaki ni nani?
Kwangu mimi Yona alikuwa tumbo tu:
picha ukutani, mwenye ndevu kapiga magoti
kati ya mbavu, kama chumbani kwake,
na kibatari pembeni, sijui nani alimwashia.
Mwalimu wetu wa Jumapili alitutisha nayo:
asiyesikia la mkuu humezwa.

Tukahesabu. Nabintu kwa kidole, mimi kwa midomo.
Yote pamoja, arobaini na minane.
Samaki, mitatu.

Nikarudia, kama mtu aliyepunjwa chenji.
Mitatu.
Sasa ile arobaini na mitano
ilipokuwa ikisomwa, mimi nilikuwa wapi?

Nilidhani alikimbia kwa woga.
Kumbe amesema mwenyewe, sura ya nne, wala hakunong'ona:
nilijua u mpole, nilijua utawasamehe,
ndiyo maana nilipanda meli.

Kiwandani, safu ya pili ya ndoano, yuko mtu.
Jina lake nalijua. Nililijua kabla ya mji huu,
kabla ya kambi, kabla ya ndege.
Nduguze, au yeye, sijauliza,
walipita kwetu usiku na madumu ya petroli.
Miaka mitatu aproni zetu zinatazamana misumarini.
Binti yake anapiga tarumbeta shuleni.
Msimamizi humtania, naye hucheka,
ana pengo, kama watu wengine.
Nami nimekaa mashariki ya mji huo wake,
nimejijengea kibanda, nangoja moto ushuke.

"Tazameni mtango," akasema Bi Ardis.
"Kitabu kizima, Yona anafurahi mara moja.
Kwa ajili ya majani."
Akapiga mstari chini ya neno, polepole,
mkono ukimtetemeka.
Halafu mdudu. Halafu jua kichwani.
Halafu Mungu anauliza, na kuuliza kwake
ni kama kwa mama anayekuuliza jambo huku anaosha vyombo:
nisiwahurumie, watu elfu mia na ishirini
wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto?

Siku yangu ya kwanza kazini
waliniandikia herufi juu ya glavu.
Kisu huku. Ndoano huku.
Sikujua.

Na wanyama, akasema Mungu, wanyama wengi.
Hapo nikaweka penseli chini.
Mimi napasua nguruwe elfu mbili kwa zamu,
na neno hilo halikuwahi kunifikia.
Mji ule hata mbuzi walifunga, walivikwa magunia.
(Nguruwe hawakutajwa, nakubali.)

Nikageuza ukurasa kutafuta jibu la Yona.
Nikamkuta Mika.
"Alijibu nini?"
Bi Ardis akakusanya penseli zake, akazihesabu.
"Hakuna anayejua. Na imepungua moja."
Ilikuwa mfukoni mwangu. Sikusema.

Kesho yake, saa ya chakula, meza zimejaa,
akaketi mbele yangu yule mtu.
Tukala. Yai lake lilikuwa jeupe, tupu.
Akainua macho, akaomba chumvi,
kwa lugha yetu, kwa lafudhi ya kilima chao.

Chupa ilikuwa karibu na mimi.
Nikaisukuma.
Si kwa mkono.
Kwa kiwiko.