Bei ya Herufi

Kwenye ankara zake Gunnvor haandiki "kuandika".
Hutumia *rista*, kitenzi cha mababu,
ambacho karani wa benki mjini Söderhamn
aliwahi kumuuliza kama ni kosa la chapa.

Si kosa, alijibu, huku akinoa tindo.
Rista ni kuchanja. Ni chuma kuingia jiwe
na jiwe kukubali shingo upande.
Lile neno jingine lilikuja na mapadri,
limefungwa katika ngozi ya ndama, likinuka wino;
nalo huko kwao Roma, ukilibandua ganda,
utalikuta linakwaruza vilevile.

Mimi nilikuwa nikifagia vumbi la itale,
majira yale ambayo jua huaga saa tisa,
nikaiwaza lugha yangu: kuchora nako
kulikuwa kwa patasi kabla ya kuwa kwa penseli.
Na kuandika? Kuandika ni kupanga.
Mama huandika chakula: sahani hapa,
bakuli pale, maji ya kunawa karibu na mgeni.
Sikumwambia. Tindo lilikuwa linalia.

Nyuma ya karakana, shambani, lipo jiwe
lenye nyoka aliyejikunja, herufi tumboni mwake:
*Vigmar alichanja.*
Ila Vigmar aliruka herufi moja
katika jina la marehemu, akaibana juu ya mstari
kama mtoto aliyechelewa ibada.
Miaka elfu. Mvua haijamsahihisha.

"Ndiyo maana natoza kwa herufi," Gunnvor alisema.
"Kila moja naiogopa peke yake."

Basi akaja Evald Norrby, kofia mkononi,
theluji ikiyeyuka kuzunguka viatu vyake.
Mkewe ni Ingegerd. Herufi nane.
Aliuliza bei, akanyamaza,
kidole gumba kikapita juu ya wenzake, kikarudi.
"Chanja Inga," akasema. "Nne zinatosha.
Ndivyo nilivyomwita."

Alipoondoka tulibaki na dimbwi la maji sakafuni
na swali. Ni ufukara uliosema, au ni mapenzi?
Gunnvor akatwaa chaki, akaandika nane,
akafuta. Akaandika nne, akafuta.
Nane naweza kumpa, alinung'unika, nusu bure,
lakini vipi nikimzika mwanamke
chini ya jina la kanisani
ambalo mumewe hakuwahi kulitamka?

Jumamosi nikatumwa na karatasi ya bei,
kisingizio tu, nikatazame.
Evald alifungua mlango wa jikoni.
Alikuwa ameandika meza:
sahani mbili, vijiko viwili,
viazi vikifuka mvuke kwenye bakuli la buluu.
"Ingia upesi," akasema, "funga mlango.
Inga hapendi vipoe."

Nilirudi nikitembea juu ya barafu,
nikimhesabia kila hatua.
Nikamwambia Gunnvor: nne.
Hakuuliza kwa nini.
Akachukua nyundo.