Sufuria Iliyotoboka

Mwezi wa sita, hapa Magamba,
ukungu huingia jikoni bila hodi.
Nashika mkasi wa marehemu Hoza
nikate deizi zangu: vidole vinne juu ya udongo,
si chini ya hapo.
Kinachobaki ni njiti za kiberiti
zilizokwisha kuwaka.

Nazing'oa na udongo wake.
Makopo ya rangi, ndoo isiyo na mkono,
sufuria iliyotoboka,
yote upenuni, nyuma ya kuni,
pasipofika sakitu.
Maji kijiko, Ijumaa hadi Ijumaa.
Ukizidisha huruma, zinaoza.

Shekalaghe hucheka uani kwake:
"Mama Mbonea, unalea vijiti?"
Simjibu. Mwaka juzi nilimjibu,
baridi ikaua makopo saba kati ya kumi na moja,
naye akaja kunisaidia kuhesabu.

Vuli ikianza nazirudisha kando ya njia.
Sufuria ile ilikaa kimya hadi Novemba.
Nilishaitoa hesabuni.
Leo asubuhi, nikimtafuta kuku,
nimekuta jicho moja jeupe, kope zote wazi,
likinitazama
kama mdeni aliyekuja kulipa
na mimi nimesahau
kiasi gani.