Makabidhiano

Haya, Nasma, daftari ndilo hili.
Jalada limeliwa na mchwa pembeni, usijali,
mchwa hawakufika kwenye majina.
Umoja wa Wenye Nyumba, Chuno Chini, Mtwara:
nyumba thelathini na moja, kuanzia kwa fundi Likonde
hadi ule ukuta wa bluu ambao hatujui wa nani.
Mweka hazina si cheo. Ni kugonga milango
saa ambayo watu wanakula.

Funguo ni tatu. Huu mnene ni wa tangi.
Huu wa kibanda cha pampu hugoma asubuhi,
upulizie kwanza, taratibu,
kama unapoza kijiko cha uji wa mtoto.
Wa tatu sijui unafungua nini.
Niliupokea hivyo hivyo, nawe upokee hivyo hivyo.

Mkwavila atakwambia: korosho zikilipwa.
Mwambie sawa. Andika kwa penseli.
Korosho zikilipwa atasema: bei imeanguka.
Mwambie sawa. Usifute.
Siku mtaro ukiziba atafika wa kwanza na koleo lake,
atazama hadi magotini kwenye maji meusi,
atoe chandarua, atoe chupa, atoe kiatu cha mguu wa kushoto,
na utashindwa kumdai.
Daftari letu lina safu ya tarehe, ya jina, ya shilingi.
Koleo hatukuliachia safu.

Mwalimu Hokororo hulipa tarehe mosi, hudai risiti,
kisha usiku hurusha makumbi ya nazi juu ya ukuta.
Risiti mpe.
Makumbi mrudishie mchana, watu wakiona,
kwa salamu ndefu.

Kile kiwanja cha katikati
mwenyekiti anataka kumkodisha mfyatua matofali.
Ana hoja: taa ya njia panda haijawaka tangu Ramadhani.
Tulikaa vikao vinne juu ya taa hiyo,
viti vya kukodi, maji ya chupa;
gharama ya vikao ingenunua taa mbili.
Ukurasa wa kumi na tisa. Niliandika "dharura".
Mimi nilisema kiwanja kibaki.
Tukifiwa tutafunga wapi turubai, juu ya matofali?
Walicheka. Wiki ile ile tukafiwa.
Lakini hayo ni yako sasa, mimi nimeshavua kofia.

Bi Somoe usimgongee.
Mstari wake una alama ya vema kila mwezi, kwa mkono wangu,
na senti yake haijaingia miaka sita.
Ming'oko anayouza haimtoshi hata kununua mkaa wa kuichemshia.
Alfajiri utamsikia: ufagio wa chelewa,
njia nzima, toka kwake hadi bombani,
anafagia hata mbele ya milango ya wanaomsema.

Na kuna hili.
Ukurasa wa arobaini, mwezi wa tatu, mwaka ule wa mafuriko:
jina langu, na neno "amelipa".
Sikulipa.
Mke wangu alikuwa Ligula, kitanda cha dirishani,
na elfu kumi ilikuwa ya dawa au ya mtaro.
Nilichagua. Kisha nikaandika.
Kisha mwezi wa nne nikaona haya kufuta,
na haya, Nasma, ikiachwa hukauka kama saruji.
Miaka tisa nimegonga milango ya watu
na ukurasa huo kwapani.

Hii hapa elfu kumi. Ihesabu mbele yangu,
ingawa ni noti moja.
Iandike leo, kwa wino.
Usiandike "mchango". Andika "deni".

Jumamosi pampu itakohoa mara mbili kabla ya kuvuta maji,
isikutishe.
Na mwezi ujao, nyumba ya ishirini na mbili,
usinipite kwa heshima.
Gonga.
Gonga hata kama tunakula.