Uso Ulioganda

Kisiwani kwetu, kusini mwa Chile,
dalili ya mvua si mawingu.
Mawingu tunayo mwaka mzima, kama paa la pili.
Dalili ni uso wa mtu kuganda kwenye skrini,
mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu,
na neno limekatwa kiunoni.

Mimi ndiye fundi wa madishi.
Ngazi yangu naifunga kwenye boti ya posta,
nakwenda ninakoitwa.
Wengi huniita kwa kitu ambacho hakijaharibika.

"Limekufa tena," akasema Doña Eudosia Huenchur,
akinipokea mlangoni na taulo.
Nikapanda juu ya vigae vyake vya mbao,
vimeota ukijani, vinateleza kama mlenda.
Nikapima. Dishi linatazama kaskazini, sawasawa,
skrubu zimekaza, waya mzima.

Nikashuka. Jikoni, huku mikono ya koti ikichuruzika,
nikamweleza:
ishara inasafiri kilomita elfu thelathini na sita
bila kuchoka; huko juu hakuna cha kuichosha.
Kisha inafika kilomita chache za mwisho,
hapa, juu ya shamba lako la viazi,
ikutane na matone.
Wimbi lake ni fupi, kama ukucha wa kidole gumba;
kila tone linalimega, linalipinda, linalinywa.
Si dishi, Doña. Ni mvua tu.

"Yaani limevuka bahari salama,
likaja kuzama kwenye kikombe."

Sikuwa na maelezo mazuri kuliko hayo.

Mezani, ndani ya kioo, kaka yake Baldomero,
yuko Punta Arenas, ameganda
na kijiko cha supu hewani.
Nikainama kupanga zana zangu.
Labda alinisahau. Labda hakunisahau.
Akavuta kiti, akaiambia picha:

"Yule ng'ombe wa mama hukumuuza kwa ajili ya dawa.
Najua. Nimejua tangu mazishi.
Miaka thelathini na mmoja nimelilisha neno hili
kuliko tulivyomlisha ng'ombe mwenyewe.
Nimechoka kulikatia majani, Baldo.
Basi."

Mvua ikapiga vigae.
Nilihesabu skrubu zangu mara mbili,
mara zote mbili zikatimia.

Ikawa rasharasha, kisha manyunyu.
Picha ikatetemeka, ikavunjika vipande vya mraba,
na Baldomero akarudi bila kijiko:
alikuwa amekwisha kula.
"Eudosia? Ulikatika. Ulikuwa unasema nini?"

Alinitazama mimi kwanza.

"Nasema mvua imepungua.
Ikirudi, viazi vitaoza."

Alinilipa mayai kumi na mawili
na jozi ya soksi za sufu, moja ndefu kuliko mwenzake.
Mlangoni akauliza, kama mtu anayeulizia bei:
"Hiyo ishara, ikinywewa na mvua, inakwenda wapi?"

Inageuka joto, nikamwambia.
Dogo mno. Hata pumzi ya panya inalishinda.

"Lakini ni joto," akasema,
akafunga mlango.

Kwenye boti nikafungua daftari la kazi,
karatasi zimelowa, kalamu inakataa,
nikaandika kwa kulazimisha:
Nyumba ya Huenchur. Hakuna hitilafu.