Diski Isiyofungwa

Dukani kwa Vaidotas, nyuma ya stesheni ya Kaunas,
vichomeo vimepangwa rafuni kama mikate.
Kimoja kinajigamba: spidi hamsini na mbili!
Kingine kina uso wa fedha, na bei iliyovaa mchuchumio.
Danguolė ana swali moja tu:
"Kipi hakitakosea?"

Vaidotas anakuna ndevu, anainama chini ya kaunta,
anatoa cha kijivu, kizito, kisicho na maneno mengi.
"Hiki kina akiba yake. Kompyuta ikipitiwa na usingizi,
chenyewe kinangoja, kisha kinaendelea palepale."
Lita mia mbili na kumi. Lita za pesa, si za maziwa.
Risiti anaikunja mara nne.

Nyumbani, bisibisi ni ile ya kukazia mpini wa sufuria.
Ubavu wa kompyuta unafunguka: vumbi, manyoya ya paka,
utepe mpana wa waya unaokataa kupinda.
Skrubu moja inadondoka ndani na kunyamaza.
Anaitikisa mashine kama kibubu, mpaka inatoka.

Kisha kaseti. Kumi na moja.
Sauti ya baba yake, Kazimieras,
aliyeandika habari za nyuki kwa mdomo
kwa kuwa mikono ilijaa asali:
"Mei, tarehe tisa. Mzinga wa saba. Malkia mpya, mkali."
Na nyuma yake ule mvumo, kama mji ulio mbali.

Diski ya kwanza aliichoma kwa spidi yote. Ikaharibika.
Ya pili aliichoma huku akicheza karata kwenye skrini ileile.
Ya tatu, paka.
Zote tatu zinaning'inia kwenye mcheri sasa,
zikiwatisha kwezi kwa mwanga wa bure.

Ya nne aliipa spidi nne, akaondoa mikono,
akaenda kumenya viazi.
Kuchoma gani huku, bila moshi, bila harufu,
mwali mwembamba kuliko unywele
ukimwandika baba duara kwa duara,
kutoka katikati kwenda nje,
kama mtu anayehama kwao.

Skrini ikauliza: Uifunge diski?
Ukiifunga, hutaongeza kitu tena.
Usipoifunga, huenda mashine nyingine isiisome.

Alisimama, kisu cha viazi mkononi.
Mdogo wake Žydrūnas yuko Limerick, kiwanda cha nyama,
na cha kusikilizia anacho kimoja tu, kile cha garini.

Akaifunga. Akaandika jina kwa kalamu laini.
Akachoma ya tano, ileile, pumzi kwa pumzi.
Skrini ikauliza tena.
Hapana.

Aprili, theluji ikidondoka matone kutoka mapaani,
alibeba kinasa sauti hadi mzinga wa saba,
akabonyeza kitufe, akakaa kimya
muda wa kuchemka viazi.
Halafu, kwa sauti ya mtu asiyezoea:
"Mzinga wa saba. Wapo."