Kufuli la Ishirini na Tisa

Uliniponyoka mwezi wa pili, nikiinama kutoa majani
kwenye wavu wa lango la tisa. Chubwi.
Maji yalinifika magotini tu, lakini tope halina fadhili.
Nilipapasa mpaka vidole vikafa ganzi
kwa theluji iliyoyeyuka kule juu, Andes.
Usiku ule nilimwambia ndugu yangu Nibaldo,
yeye peke yake.

Malango arobaini na moja kwenye mfereji wa El Romero,
makufuli arobaini na moja,
kila mwenye shamba na ufunguo wake,
na mmoja tu, wangu, ulioingia kote.
Kuna wanaouita ufunguo malaya, eti haumkatai yeyote.
Mimi niliuvaa shingoni miaka kumi na tisa
na sikuwahi kuutukana.

Kiwanda kilishafungwa. Daftari la namba liliungua
pamoja na ofisi ya chama na kofia nzuri ya karani.
Mwaka wa tatu huu bila mvua ya maana,
zamu zinahesabiwa kwa dakika,
na mgawa maji asiye na ufunguo
ni mzee anayetembeza mbwa.

Fundi Dagoberto Ledezma, nyuma ya soko la Ovalle,
alinisikiliza akitafuna kijiti.
"Niletee makufuli matano, na funguo zake.
Moja halitoshi. Moja litanidanganya."

Nibaldo alisema lake limeshika kutu, tusilisumbue.
Nikaenda kwa wengine.
Orfilia Collao, aliyemshtaki Clodomiro kwa ajili ya mbuzi.
Clodomiro mwenyewe.
Mzee Tapia, ambaye hampi mkono Clodomiro wala Orfilia,
na mapacha wa Barraza, waliogawana shamba kwa ukuta.
Nikawapakia wote kwenye pikapu moja.
Kilomita sitini, hakuna aliyekohoa.

Fundi akapasua kila kufuli tumboni,
akamwaga pini juu ya kitambaa cheupe,
vipande vya shaba vidogo kuliko punje ya mchele,
akavipima kimoja kimoja, akaandika.
"Humu mna vimo viwili," akasema.
"Kimoja ni cha mwenyewe. Cha pili
makufuli yote yanakijua, ila hayaambiani."
Kisha akatafuta katika safu zake tano
namba zinazojirudia:
nne, moja, sita, mbili, tatu.
Orfilia aliinama aone, Clodomiro naye akainama,
vichwa vikagusana.
Hakuna aliyewahi kurudi nyuma wa kwanza.

Tupa ikalia. Ufunguo ukatoka wa moto,
wenye makali, unanuka sarafu.

Niliujaribu lango kwa lango, jioni mbili.
Arobaini yaliitika.
La ishirini na tisa likakaza meno.
Nikalitia mafuta. Nikalipuliza. Nikaomba dua,
jambo nisilolizoea.
Kisha nikawasha tochi: umbo lilelile, rangi ileile,
hata kutu hakuna,
na namba imegongwa kwa mkono,
ile mbili mkia wake umepinda juu,
kama mbili za Nibaldo
tangu darasa la kwanza.

Wiki sita nimezunguka shingo tupu.
Wiki sita mizabibu yake imekuwa ya kijani
katikati ya bonde lililogeuka manjano.
Na mimi niliisifu.
Nilisimama ukingoni, nikaisifu kwa sauti.

Mkasi wa chuma ulikuwa kwenye pikapu. Niliuacha ulale.
Nilichukua kufuli la akiba, la ukoo wetu,
nikalibana kwenye komeo lilelile, ubavuni mwa lake.
Sasa lango halifunguki mpaka tufike wote wawili.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri.
Yeye na taa yake, mimi na mbwa.
Anafungua lake. Nafungua langu.
Dakika arobaini tunayatazama maji yakiingia kwake
kwa haki, si zaidi.
Juzi alikuja na chupa ya chai
na kikombe kimoja.
Alikunywa nusu, akakiweka juu ya ukuta wa lango,
upande wangu.