Kabla ya Tanuri

Kingo nimezisugua kwa jiwe lililoloa
hadi zisinidai damu tena.
Bomba la Železný Brod linatema baridi ya theluji,
vidole vimekufa ganzi.

Wino wa kalamu, unga wa kioo, mafuta ya kikatio,
vyote vitoke. Tanuri halisamehe:
doa la leo kesho ni ukungu wa daima.

Nafuta kwa spiriti, kimoja kimoja,
nikivishika kingoni kama picha mbichi.
Buluu. Kaharabu. Kijani cha chupa.

Kimebaki chekundu.
Vlastimil alikikata Jumanne, mkate wa siagi mkononi,
kabla ya gari la wagonjwa.
Gumba lake limelala pale, mistari yote.

Kitambaa kimelowa, kinanisubiri.

Nimekipanga katikati, hivyo hivyo.
Digrii mia nane;
tuone kama zitamfuta.